Miezi ya kungoja kisu nayo ni tiba

Mkazi wa Kasungami, katika komini Annexe ya Lubumbashi, aliyeambiwa na daktari kwamba unene wake umefika pa kuhitaji upasuaji hapewi tarehe ya wiki ijayo. Kwanza atatafuta fedha, na nchini mwetu Kongo sehemu kubwa ya gharama za matibabu hutoka mfukoni mwa familia. Kisha atatafuta mahali. Hospitali zilizoizoea kazi ya kupunguza tumbo la chakula ziko Nairobi, Johannesburg na katika miji ya India, na kwa mtu wa komini Annexe hapo panahitajika pasipoti, tiketi, ndugu wa kumsindikiza na mara nyingi visa. Kati ya siku ya ushauri na siku ya kisu hupita miezi, pengine miaka. Wengi huihesabu miezi hiyo kuwa pengo tupu: mgonjwa anaendelea kula kama alivyokula, na wapo wanaozidisha, wakiviaga vyakula wanavyodhani watanyimwa kesho. Hilo ni kosa, tena la hatari. Muda wa kungoja ni sehemu ya kwanza ya tiba yenyewe, na ndiyo sehemu pekee ambayo mgonjwa anaweza kuianza leo bila kuomba visa.

Upasuaji wenyewe nauunga mkono bila kusita. Tangu Edward Mason na Chikashi Ito walipoanza kuunganisha kipande kidogo cha tumbo na utumbo katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, kazi hii imepimwa kwa miaka mingi na kwa watu wengi. Huko Sweden watu 4,047 wenye unene mkubwa walianza kufuatiliwa mwaka 1987, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29, baada ya kuzingatia umri, jinsia na visababishi vingine vya hatari. Hiyo si dawa ya urembo. Vigezo vyake navyo vinajulikana: tangu mwaka 1991 mgonjwa alitakiwa awe na uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 40, au 35 kama tayari ana ugonjwa unaotokana na unene, na mwaka 2022 chama cha Marekani na kile cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango hadi 35 kwa yeyote, na hadi 30 kwa mwenye kisukari. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 hufikia 35 akiwa na kilo 95 hivi, na 40 akiwa na kilo 109. Kaa robo saa kwenye kituo cha mabasi chochote cha Lubumbashi utawaona watu wa kipimo hicho, na wengi wao hawana gari wala bustani.

Tuingie sasa ndani ya tumbo, maana hoja yangu inasimama hapo. Tumbo la chakula limelala chini ya upande wa kushoto wa ini. Daktari anayepasua kwa matundu madogo hana budi kulinyanyua ini ndipo alifikie tumbo. Kwa mtu mnene sana ini mara nyingi limejaa mafuta: limevimba, limekuwa zito, na huchanika na kuvuja damu kwa urahisi. Likigoma kunyanyuka, daktari anabaki na njia mbili, kupasua tumbo wazi kwa jeraha refu au kufunga na kuahirisha, na fikiria maana ya kuahirishiwa kwa mtu aliyeuza kiwanja ili afike Johannesburg. Lakini mafuta ya ini yana tabia moja njema, nayo ni kwamba huondoka mapema mtu anapopunguza wanga, sukari na mafuta. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwapa wagonjwa 32 chakula chenye nishati ndogo sana kwa wiki 12 kabla ya upasuaji. Ini lilipungua ukubwa kwa wastani wa karibu asilimia 19, na asilimia 80 ya punguzo hilo ilikuwa imepatikana katika wiki mbili za kwanza. Mwaka 2011 hospitali kadhaa za Ulaya zilitangaza jaribio la wagonjwa 298 waliogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likafuata chakula cha namna hiyo kwa siku 14 na jingine likaendelea na mlo wake wa kawaida. Muda wa kupasua haukutofautiana, lakini madaktari walisema kazi ilikuwa rahisi zaidi kwa waliojiandaa, na katika siku 30 zilizofuata matatizo yaliyohesabiwa kwao yalikuwa 8, kwa wenzao 18. Daftari la taifa la Sweden, lenye wagonjwa zaidi ya 22,000, lilionyesha jambo lilelile mwaka 2015: waliopungua zaidi kabla ya kisu walipata matatizo machache baada yake.

Mlo huo mkali wa wiki mbili hutolewa na timu ya hospitali, na haufai kuigwa nyumbani. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge akijifungia chakula peke yake anaweza kushukiwa na sukari hadi azimie. Kwa miezi ya kungoja kinachotakiwa ni mabadiliko ya taratibu yanayoweza kudumu, na kwa Kasungami mabadiliko hayo yana majina tunayoyajua. La kwanza, naliweka mbele ya yote, ni vinywaji. Kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa zaidi mtu mzima abaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima. Chupa kubwa ya bia ya Simba au Tembo nayo hukaribia kalori 300, na ni wachache wanaokunywa moja wakainuka. Mtu anayeacha sucré na bia hajanyimwa mlo hata mmoja, ila ameliondolea ini mzigo wake mkubwa. Zaidi ya hapo, pombe ina hesabu yake na upasuaji: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulikuta kwamba tatizo la ulevi liliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baadaye, kwa kuwa baada ya tumbo kuunganishwa upya pombe hupanda kichwani upesi. Afadhali mtu aujue uhusiano wake na chupa kabla ya kisu kuliko baada yake.

Kisha kuna sahani. Hakuna anayeweza kumwambia Mlushois aache bukari na akasikilizwa, wala hapana haja. Kinachobadilika ni kipimo. Leo bukari ni mlima na mboga ni kionjo cha kuiteremshia. Matembele, lengalenga na sombe vikichukua nusu ya sahani, samaki au maharage robo, na bukari robo iliyobaki, mlo ni uleule wa nyumbani na bei yake haijapanda. Sombe, ukweli usemwe, kwa jinsi tunavyoipika hubeba mafuta ya mawese na karanga za kutosha watu wawili, na mkono wa mpishi unapaswa kujizuia hapo. Makayabu ilowekwe na kubadilishiwa maji mara kadhaa, kwa sababu wengi wanaosubiri upasuaji wana shinikizo la damu na chumvi yake ni adui. Baada ya kisu mgonjwa atatakiwa kula angalau gramu 60 za protini kwa siku kwa tumbo dogo sana. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo ndagala, maharage, mayai na kuku lazima viwe mazoea mapema, kabla ya siku ambayo kula kutakuwa kazi. Hata namna ya kula hufundishwa sasa: matonge madogo, kutafuna hadi chakula kilainike, kuacha kunywa maji katikati ya mlo, na kuinuka dalili ya kwanza ya shibe inapofika. Aliyekula kwa haraka miaka 40 hatajifunza haya katika wiki ambayo mshono wake bado mbichi.

Kuhusu kutembea, ushauri wa dakika 150 kwa wiki umeandikwa na watu wenye njia za waenda kwa miguu. Kasungami ina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na jioni si kila njia ni salama. Bado dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 kabla ya giza zinafaa kama nusu saa mfululizo, na kwa mtu wa kilo 120 ambaye magoti yake yanalia, kushuka kwenye basi kituo kimoja mapema ni mwanzo wa kweli. Mapafu na moyo vilivyozoeshwa hivyo huvumilia dawa ya usingizi vizuri zaidi, na mgonjwa anayeweza kuinuka na kutembea siku ileile ya upasuaji hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Tumbaku haina mjadala: iachwe kabisa, angalau wiki 6 kabla, na bora iwe mapema zaidi, kwani huchelewesha kupona kwa mshono na huleta vidonda palipounganishwa.

Lipo jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo linatuhusu. Katika miji ya Kongo huuzwa vidonge vya kuongeza mwili, hasa kwa wasichana na wanawake: siproheptadini inayofungua hamu ya kula, na deksamethazoni inayojaza uso na kiuno. Hununuliwa bila cheti cha daktari, tena kwa bei ndogo. Deksamethazoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, na ikitumiwa kwa muda mrefu huzilaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotoa homoni ya kuuhimili mshtuko wa mwili. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa bila daktari wa usingizi kujua, shinikizo lake linaweza kuporomoka akiwa mezani, na akiiacha ghafla peke yake anaweza kuanguka vilevile. Kwa hiyo miezi ya kungoja ni wakati wa kuyasema haya kwa daktari bila aibu, ili amwondolee dawa hizo hatua kwa hatua. Vivyo hivyo kwa chai za kupunguza mwili na mizizi isiyo na jina: kila kinachomezwa kiandikwe, kionyeshwe.

Pingamizi la kwanza nalisikia kwa mbali: kama mlo na matembezi vingemsaidia, angehitaji kisu cha nini? Anayeuliza hivyo hudhani unene ni uvivu. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwafuatilia watu 50 waliopungua kwa mlo mkali, wakakuta kwamba mwaka mmoja baadaye homoni za njaa bado zilikuwa zimebadilika, zikiusukuma mwili urudi kwenye uzito wake wa zamani. Mwili mnene hujitetea, na ndiyo maana upasuaji upo. Lakini kuubeba uzito wote hadi mwisho ni jambo moja, na kuliandaa ini, sukari na mapafu kwa siku moja ngumu ni jingine. La pili linawezekana hata pale la kwanza liliposhindikana. Kilo 6 hadi 12 kwa mtu wa kilo 120 hazitamponya unene wake, lakini zinaweza kumbadilishia hali ya upasuaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na kwa sehemu nakubaliana nalo. Kuna kampuni za bima ng'ambo zilizogeuza maandalizi kuwa mtihani: punguza kiasi fulani kwanza, ndipo tulipe. Chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani kimelipinga sharti hilo tangu mwaka 2011, kikisema halina ushahidi na huwachelewesha wagonjwa wanaozidi kuugua. Kina haki. Mgonjwa hapaswi kuuthibitisha ustahili wake kwa mizani, wala kufukuzwa kwa kuwa kilo hazikushuka. Ninachokitetea mimi ni kitu kingine: muda wa kungoja, ambao kwetu umeletwa na umaskini na umbali wala haukupangwa na mtu yeyote, ujazwe na matunzo. Na anayeogopa kwamba akipungua atanyimwa upasuaji, aombe uzito wake wa juu kabisa uandikwe leo kwenye faili, pamoja na vipimo vya sukari na shinikizo. Hofu hiyo isimfanye ale kwa makusudi.

Wengine watasema haya ni mazungumzo ya walioshiba. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014, asilimia 43 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa utapiamlo. Nchi yenye deni kama hilo ina haki ya kuuliza kwa nini tuongelee matumbo yaliyojaa. Jibu ni kwamba mara nyingi ni nyumba zilezile. Chakula kinachomdumaza mtoto, wanga mwingi na protini kidogo, ndicho kinachomnenepesha mama yake, na mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni hukua akiwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari na shinikizo la damu siku za usoni. Sahani ile niliyoieleza, yenye maharage na ndagala na majani, inamfaa mama anayengoja upasuaji na inamfaa mwanawe wa miaka mitatu.

Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachwa mikononi mwa mgonjwa peke yake. Sufuria ni moja. Mama hawezi kupika vyungu viwili kwa kipato kimoja, na mume anayedai mlima wa bukari mezani anamwekea mgonjwa mtihani kila jioni. Kuna pia macho ya mtaa. Mwili mkubwa bado unasomwa kwetu kama dalili ya nyumba yenye amani na makuta, na anayeanza kupungua huulizwa kwa sauti ya chini kama ana sida, au kama mumewe amemchoka. Najua wanawake wengi wangeweza kuvumilia njaa lakini hawavumilii minong'ono hiyo. Wenye uwezo wa kuizima ni wenye sauti: mchungaji kanisani, mama mkubwa wa familia, viongozi wa likelemba, na mume mwenyewe akisema waziwazi kwamba mkewe anajiandaa kwa matibabu na kwamba nyumba nzima inajiandaa naye.

Sindano mpya za kupunguza uzito zimeleta swali jingine. Jaribio la mojawapo, semaglutidi, la mwaka 2021, lenye watu 1,961, lilionyesha punguzo la karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68, na kwa mwenye uwezo zinaweza kuwa daraja la kumfikisha kwenye upasuaji. Lakini walioziacha walirudisha sehemu kubwa ya kilo hizo ndani ya mwaka mmoja, na dawa ya kila wiki isiyo na mwisho ni gharama ambayo familia nyingi za Kasungami haziwezi kuibeba.

Tena tuseme lile ambalo madaktari hawapendi kulisema mbele ya mgonjwa: kwa wengine siku ya kisu haitafika. Fedha zitaliwa na msiba au ada ya shule, visa itakataliwa. Je, aliyebadilisha maisha yake kwa miaka miwili amepoteza? Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwapa baadhi yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Idadi ya waliopata kisukari kati yao ilipungua kwa asilimia 58, wakati kidonge cha metformini kiliipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 110 asilimia 7 ni kilo 8 hivi. Hata pasipokuwa na upasuaji wowote, kilo 8 zilizoondoka na zikabaki zimeondoka zinaweza kuamua kama mtu atafika miaka 60 na miguu na macho yake.

Kuna kazi nyingine ya muda huu ambayo haihusu chakula kabisa. Anayepasuliwa India hurudi Lubumbashi baada ya wiki chache, na mahitaji yake ya kudumu yanaanzia hapa: vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yote, na vipimo vya damu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza. Akitapika mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 upesi, na mishipa ya fahamu ikaharibika kabla hajajua kinachomsibu. Dawa zake za shinikizo na kisukari nazo zitahitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka, ama sivyo zitamwangusha. Daktari wa mbali hataliona lolote kati ya haya. Basi kabla ya tiketi kununuliwa, mgonjwa awe amekwisha kumpata daktari wa hapa, awe wa hospitali ya Sendwe, wa Kliniki za Chuo Kikuu au wa kituo cha afya cha jirani, aliyekubali kumfuatilia, na bei ya vidonge hivyo kwa mwezi iwe imeulizwa kwenye maduka ya dawa ya mjini na kuingizwa katika bajeti ya nyumba pamoja na unga.